Rangi Tatu Hazimtoshi Mjukuu Wetu

Duka la Rangi la Mbithe,
Kariobangi Light Industries,
Nairobi.

Alhamisi, kabla ya wateja.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Lugha ya Kimarion,
Nyumbani kwa Mzee Opicho,
Buruburu Phase 3.

Mzee Opicho, Mwenyekiti na mzazi mwenzangu,

KUH: KUFUNGULIWA UPYA KWA SEHEMU YA RANGI KABLA LUGHA HAIJAFUNGWA JUMAPILI

Ikiwa barua hii imekukuta umesimama, tafadhali keti, maana ni ndefu na ina hesabu. Ikiwa umeketi, mwamshe mkeo Mama Nabalayo aketi kando yako, kwa sababu yeye pia alipiga kura na sitaki kesho aseme hakuambiwa.

Mengi ya mwanzo unayajua. Lakini wewe mwenyewe ulikuwa karani wa serikali, na ndiwe uliyetufundisha kwamba barua rasmi humweleza msomaji kama vile ameshuka mjini leo. Basi nakueleza.

Mwanangu Kavata na mwanao Mulama walipopata mtoto, walikaa kwao Pipeline wakaamua mambo mawili bila kutuuliza. Kwanza, mtoto aitwe Marion, jina lisilo la upande wangu wala la upande wako. Pili, nyumbani azungumziwe lugha isiyo ya upande wangu wala ya upande wako. Kikamba kingewachoma nyinyi, Kibukusu kingetuchoma sisi. Kiswahili na Kiingereza atavikuta shuleni. Sheng itamkuta yeye, kwenye ngazi za ghorofa. Kwa hivyo Mulama, ambaye hushinda kwenye simu akisoma habari za watu wanaojibunia lugha zao wenyewe huko duniani, akambunia mwanawe lugha, akaiita Kimarion.

Sikupinga. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu. Nilisema lugha mpya ni kama duka jipya: mwache mtu afungue, wateja wataamua. Hata kamati ya babu na bibi wanne ilipoundwa, nilikuja na soda. Tukagawana maneno kama watu wanaopatana mahari. Upande wako mkaleta majina ya jamaa na vyakula. Upande wangu tukaleta vyombo na nambari. Nambari, moja hadi kumi, nilizileta mimi peke yangu, zikapokelewa kwa makofi.

Rangi ndizo hazikupewa mtu. Ziliachwa zipigiwe kura, na hapo ndipo mtungi ulipopasuka. Sasa Marion anatimiza miaka miwili Jumapili, na kamati imepitisha kwamba siku hiyo, baada ya keki, Kimarion kifungwe. Neno lililo ndani limeingia, lililo nje lisubiri mpaka mtoto aanze shule. Mimi niko nje na rangi zangu zote. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. UCHACHE

Kamati ilipitisha rangi tatu. Pala ni kila kinachong'aa. Lobo ni kila chenye giza. Tumu ni nyekundu na jamaa zake. Basi.

Katibu wetu Mulama alieleza, na alieleza vizuri, kwamba wataalamu wamechunguza lugha nyingi wakaona zile zenye maneno machache ya rangi huwa na la giza na la mwanga kwanza, kisha nyekundu, kisha kijani au manjano, na samawati huja imechelewa kama mgeni wa mbali. Kwa hivyo tusiikimbize lugha, tuiache ikue yenyewe.

Mzee, mimi simbishii mtaalamu kwenye kazi yake. Lakini hizo lugha zilikua mahali penye nafasi. Hii imezaliwa Pipeline, ambako hata ghorofa haikui, inapandishwa usiku ukilala. Na Pipeline, kama ujuavyo kila unapopotea ukienda kumwona mjukuu, hakuna namba za nyumba. Kuna rangi. Mtu anaelekezwa: pita ile ya maziwa, usiingie ile ya kijani ya chupa, ukiona ya damu ya mzee umepita, rudi. Rangi ndiyo anwani yao, ndiyo posta yao, ndiyo ramani yao.

Juzi gesi iliwaishia githeri ikiwa motoni. Mulama akampigia muuza gesi simu. Kwa kuwa Marion alikuwa amempakata, na sheria ya nyumba ni kwamba mbele ya mtoto ni Kimarion tu, akasema, "Lete ghorofa tumu."

"Tumu ndio nini, buda?"

Mulama akafunika mdomo mtoto asisikie, akanong'ona, "Nyekundu na jamaa zake."

Jamaa zake! Pale Pipeline nyekundu na jamaa zake ni mtaa mzima. Muuza gesi akabeba mtungi begani akapanda ghorofa ya kwanza aliyoiona. Akapiga simu: "Buda, niko kwa ile red. Mathe wa hapa anasema hajaitisha gesi, na ananiangalia vibaya." Akashuka, akapanda ya matofali. Akashuka, akapanda ya machungwa. Mwisho Kavata alitoa kichwa dirishani akasahau lugha ya mwanawe, akapiga kelele mpaka wauza viazi wakageuka: "Ni hapa! Ya rangi ya papai! Papai lililoiva!"

Gesi ikapanda mara moja. Githeri ilikuwa imeshakata tamaa.

2. MWANGA

Nakuja kwenye jambo ambalo nalisema kwa heshima, kwa sababu linahusu sebule yako.

Mapazia yako ni damu ya mzee. Ni mazuri, mazito, na najua Mama Nabalayo aliyashona mwenyewe. Siku ya kura yalikuwa yamefungwa ili mpira uonekane vizuri kwenye runinga, na jua la mchana lilikuwa linayapiga kutoka nje. Kwa hivyo sote tuliketi ndani ya mwanga mwekundu kama watu waliomezwa. Hata maziwa kwenye chai yangu yalikuwa yameona haya.

Ni katika mwanga huo ndipo vielelezo vilipowekwa mezani: nyanya, chungwa, ndizi mbivu, soksi ya waridi ya Marion na leso yangu ya zambarau. Ukaviangalia kimoja kimoja, ukasema, "Mimi naona hivi vyote ni ndugu." Bila shaka uliona hivyo! Hata mimi, ambaye naishi kwa rangi, niliona hivyo. Mwanga ulikuwa umeshapiga kura kabla yetu.

Kariobangi hakuna anayechagua rangi ndani ya nyumba. Rangi hutolewa mlangoni, asubuhi jua likiwa limetulia, mtu akalipa jua mgongo. Ndiyo maana mbele ya duka langu utamkuta mteja amesimama barabarani na kijiti kilichochovywa, anakitazama kama anayengoja kitabiri. Anayechagua ndani hurudi kesho yake analia kwamba alitaka krimu na ukuta wake umegeuka chai.

Niliomba tutoke na vielelezo nje. Ukagonga meza kwa kijiko ukasema, "Mama Kavata, hapa hatuko Kariobangi. Hoja haijaungwa mkono." Nikatazama huku na huku kumtafuta wa kuniunga mkono. Mume wangu alikuwa anatafuna.

3. CHAI

Lalamiko hili lilihusu chai. Nimeliondoa kwa ajili ya amani.

4. FIRIGISI

Hili la kutafuna lazima lijibiwe. Kura zilikuwa nne: yako, ya Mama Nabalayo, ya mume wangu Muthama, na yangu. Zikatoka tatu kwa moja. Yaani robo tatu ya kamati ilichagua rangi tatu, na robo moja iliyobaki, inayouza rangi, ikaambiwa itulie.

Kura ya Muthama naipinga. Kabla tu ya kura, Mama Nabalayo alileta kuku, na firigisi akampa yeye. Mzee, sisi sote tunajua firigisi kwenu maana yake nini. Mwanamume aliyeheshimiwa kwa firigisi Buruburu hawezi kunyoosha mkono kinyume cha mwenye kuku. Aliinua mkono huku kidole kinang'aa mafuta, akasema, "Mimi nimeendesha lori kutoka Mombasa hadi Malaba maisha yangu yote, na taa za barabarani hazina rangi zaidi ya tatu. Tatu zinatosha."

Mkacheka, mkapiga makofi. Mimi nikachukua rangi zake tatu nikazitia kwenye Kimarion. Nyekundu ni tumu. Ile ya katikati, kwa mujibu wa sebule yako, ni tumu. Kijani, kwa kuwa si tumu wala haing'ai, ni lobo. Na taa iliyozimika kwa sababu stima imepotea pia ni lobo. Kwa hivyo mjukuu wetu akikua akapata leseni, kwenye tumu atasimama, kwenye tumu atajiandaa kwenda, na kwenye lobo ataenda hata kama taa zote za Barabara ya Jogoo zimekufa. Nilimuuliza Muthama tukirudi nyumbani kama angepanda gari hilo. Akasema angeshuka mapema, atembee.

5. AFYA YA MTOTO

Kavata, akimwonya mtoto kuhusu chapati iliyoungua, alimwonyesha akamwambia, "Lobo! Lobo, wacha!" Mafundisho mazuri. Mtoto ana akili, ni wa pande zote mbili. Alishika neno.

Siku iliyofuata akawekewa sukuma wiki. Akaitazama, akasogeza sahani kwa kidole kimoja. "Lobo." Akawekewa avokado. "Lobo." Terere, ambayo wewe mwenyewe uliipeleka kutoka kwa bustani yako, ikaitwa lobo mara mbili na kutupwa chini. Hivi sasa mtoto anakula ugali, maziwa na ndizi, na kila kilicho kijani duniani anaamini kimeungua. Muuza mboga wa pale chini amemuuliza Kavata kama wamekosana.

Sisemi kamati inamnyima mtoto mboga. Nasema kamati imeunguza mboga yote ya Nairobi kwa neno moja, na haikutumia hata kiberiti.

6. JUMAMOSI

Hili nitalisema kwa ufupi.

Wewe una vitabu vya kumsomea Marion. Muthama ana safari za kumsimulia. Mama Nabalayo ana nyimbo, na sauti pia anayo. Mimi shule iliniacha mapema. Nilikuja mjini nikaosha brashi za mafundi, kisha nikabeba makopo yao, kisha nikachanganya makopo yao, mpaka siku moja kopo likawa langu na mlango ukawa wangu. Nilicho nacho cha kumpa mtoto ni kumwonyesha rangi na kumwambia hii ni nini.

Kavata humleta Jumamosi. Jumamosi iliyopita nilimweka juu ya kaunta, nikafungua kopo la manjano, manjano ile ya kumwamsha mtu. Akasema, "Tumu." Nikafungua machungwa. "Tumu." Nikafungua waridi, nikalikoroga polepole ili alione likigeuka. "Tumu." Nikafungua samawati ya bahari niliyoagizwa na kanisa. Akaichungulia. "Lobo." Halafu akapiga miayo akaomba maziwa.

Sikuwa na neno lingine la Kimarion la kumwambia. Nikafunika makopo.

Naendelea.

7. SULUHISHO

Mtu anayelalamika bila dawa ni kelele tu, kwa hivyo nimekuja na dawa.

Sikuombi uingize majina ya rangi zote za dukani. Tungebishana mpaka Marion aolewe: nyinyi mtataka kijani iitwe kwa mboga zenu, sisi kwa maembe yetu mabichi. Naomba Kimarion kifanye kama Kariobangi inavyofanya. Fundi mwenye akili haweki makopo mia. Anaweka machache, na kilichobaki ni vipimo.

Tuwe na makopo matano. Pala, lobo na tumu yabaki, nayo tumu iwe nyekundu yenyewe bila jamaa. Yaongezwe kai, yaani manjano, na wela, yaani samawati. Kisha rangi nyingine yoyote iitwe kwa kipimo chake, kwa kutumia nambari za Kimarion ambazo tayari zimepita. Mo ni moja, senda ni sita, keta ni tisa, kama unavyokumbuka. Basi waridi itaitwa pala senda tumu mo: nyeupe sita, nyekundu moja. Mapazia yako yataitwa tumu keta lobo mo. Ni jina la heshima, na ukiyapoteza naweza kukuchanganyia mengine.

Nimepiga hesabu kwenye kipande cha katoni. Ukichanganya makopo mawili mawili tu, kutoka kwa hayo matano unapata jozi kumi. Kila jozi, kila kopo likiwa na kipimo cha moja hadi kumi, ni vipimo mia. Jumla elfu moja. Lakini mimi sidanganyi mteja: mbili kwa mbili ni sawa na moja kwa moja, nne kwa sita ni sawa na mbili kwa tatu. Nikitoa vinavyojirudia, kila jozi inabaki na sitini na tatu. Mara jozi kumi, mia sita na thelathini. Ongeza makopo matano yenyewe, mia sita thelathini na tano. Mulama alijumlisha upya akapata hivyo hivyo, akaniamkia shikamoo mara ya pili. Makopo matatu matatu sijayaingiza. Nimekuhurumia.

Mtoto atakayekua na lugha hii hatasema tu anataka puto. Atalilia puto pala senda wela mo, na mzazi atajua la kununua. Na muuza gesi akiambiwa rangi ya ghorofa, hata kama hajui njia, atajua jinsi ya kuipaka.

Utasema maneno ni marefu. Jina lako kwenye kitambulisho lina maneno manne, na hakuna aliyekuomba ulifupishe.

8. MADAI

Kwa hivyo naiomba kamati, kwa unyenyekevu wote:

(a) Sehemu ya rangi ifunguliwe kabla ya keki kukatwa.

(b) Kikao kifanyike nje, uani kwako, asubuhi, wajumbe wakilipa jua mgongo. Chai inaweza kubaki ndani.

(c) Kila mjumbe apimwe macho kwa kadi ishirini za rangi kutoka dukani kwangu. Atakayeziita zote ndugu atolewe kwenye kura na apewe kazi ya kupanga viti.

(d) Muthama asipewe kitu chochote cha kuku mpaka kura ihesabiwe.

(e) Wenye majengo ya Pipeline waandikiwe, wachore kipimo cha rangi ya kila ghorofa juu ya mlango wake kwa Kimarion. Rangi ya kuandikia nitatoa mimi. Brashi watajitafutia.

(f) Iundwe afisi ya Msimamizi wa Rangi wa Kudumu. Apewe kiti chenye mikono katika vikao vyote, uwezo wa kuzima neno lolote la rangi litakalochaguliwa nyuma ya pazia, na ruhusa ya kuingia katika nyumba za wajumbe kukagua mwanga. Sitaji jina, lakini awe mtu mwenye duka.

Na ikiwa kamati itakataa, basi, Mzee, sitagombana. Nitafanya kama watu wafanyavyo mahari yao yakipokelewa kwa dharau: nitachukua changu. Nambari zote za Kimarion, mo hadi kumi yake, nilizileta mimi. Nitazirudisha Kariobangi Jumapili asubuhi kabla ya ibada.

Fikiria vizuri kitakachobaki. Marion atakuwa ametimiza miaka, lakini hakuna atakayeweza kusema mingapi. Mama Nabalayo atasimama mbele ya keki na mkono umejaa mishumaa, asijue aweke ipi arudishe ipi. Kura zitapigwa, na hazitahesabika. Na ile sheria yenu nzuri ya rangi tatu haitaweza hata kusomwa, maana hilo tatu lenyewe ni langu.

Natumai haitafika huko. Sisi ni watu wa nyumba moja sasa, na damu zimeshachanganyika kwa kipimo cha moja kwa moja, ambacho ndicho kipimo kigumu kuliko vyote kukipata, muulize fundi yeyote.

Nisalimie Mama Nabalayo, mwambie kuku alikuwa mtamu na hilo halihusiani na lalamiko la nne. Wasalimie majirani wa Phase 3, hasa yule aliyepaka geti lake rangi ya ndimu bila kuniuliza. Msalimie Mulama mkimwona kabla yangu. Ni kijana mzuri, na kama angekuwa amesomea rangi badala ya lugha hatungekuwa hapa. Salamu pia kwa yeyote atakayeisikia barua hii ikisomwa na akawa upande wangu. Walio upande mwingine nitawasalimia Jumapili ana kwa ana.

Ni mimi mzazi mwenzako, mwenye robo ya kura na macho mazima,

Mbithe wa Muthama,
mwenye duka.

Nyongeza: Mzee, nilikuwa naitafuta bahasha Kavata alipoingia ghafla na Marion, maji yamekatika Pipeline na leo hakwenda kazini. Nikamkalisha mtoto kaunta. Sikufungua kopo lolote, moyo haukuwepo. Lakini pale kando ya kaunta ndipo mimi hufutia brashi nikimaliza kujaribu rangi, na ukuta umejaa mifuto ya miaka yote, kijani juu ya waridi juu ya samawati juu ya sijui nini. Marion akaunyooshea kidole, akausogelea mpaka pua ikagusa, akasema, "Susu."

Kavata akanitazama. Mimi nikamtazama Kavata. Susu, kama hujui, ni bibi kwa Kikamba, kama vile kwenu babu ni Kuka. Hakuna aliyemfundisha; nafikiri alimsikia mama yake akiniita hivyo mbele ya mteja. Nikasema labda ananiita mimi. Nikafungua manjano. "Susu." Nikafungua kijani ya chupa. "Susu." Nikamwekea avokado yangu ya mchana mbele yake. "Susu," akala yote, akaomba nyingine. Muthama akapita mlangoni na lile shati lake la kijivu, mtoto akamkagua kutoka juu hadi chini. "Lobo."

Kwa hivyo naandika kubatilisha yaliyotangulia. Madai (a) hadi (f) nayaondoa. Makopo matano hayahitajiki, na ile hesabu ya mia sita thelathini na tano uifute, hata mimi naona ni nyingi kwa mtoto mdogo. Nambari zangu bakini nazo, wekeni mishumaa mnavyotaka. Mulama alikuwa sahihi kabisa: lugha isikimbizwe, ikue yenyewe. Rangi moja inatosha. Tumu, kama ni lazima ibaki, iandikwe chini yake kwa herufi ndogo.

Ninachoomba ni kimoja tu. Lugha ifungwe leo, tusingoje Jumapili. Na mpaka ifungwe, tafadhali Marion asiletwe Buruburu, asije akaona kitu kizuri kwako akakiita Kuka.